Diski Moja Iliyobaki

Iisalmi, 13 Juni

Mdogo wangu Eljas,

Huku tu wazima, ila roho yangu haijatulia. Nakuandikia barua pepe badala ya kukupigia kwa sababu unaijua sakafu ya nyumba hii: nikikohoa ofisini huku chini, Mama ananiuliza kutoka juu kama nataka chai ya asali. Na hili sitaki Baba alisikie.

Lile sanduku la kuhifadhia kazi ulilonifungia ofisini limeanza kulia tangu asubuhi, na taa nyekundu inawaka kwenye diski ya pili. Unakumbuka ulivyonieleza: ndani mna diski mbili, kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, moja ikifa mwenzake anabaki na kila kitu. Basi moja imekufa. Aliyebaki ni wa umri uleule, tuliwanunua siku moja duka moja, na mimi naliangalia sanduku hili kama mgonjwa.

Michoro yangu siililii. Wateja niliowachorea nyumba za ziwani wana nakala zao. Ninachokililia unakijua. Majira yote ya kuchipua Baba alikuwa akishuka hapa baada ya kahawa, anakaa kwenye kiti changu, anasoma sentensi za wale watu wa sauti za mashine, mamia kwa mamia, ili Agosti madaktari wakishamtoa zoloto la kooni lenye saratani, mashine iongee kwa sauti yake mwenyewe. Kinasa sauti tulikiazima maktaba, tukakirudisha, wamekwisha kukifuta. Watu wa sauti nao wamefunga kwa likizo ya kiangazi kama nchi nzima, wakasema niwapelekee kila kitu wakirudi. Kwa hiyo sauti ya Baba iko kwenye diski hii moja, na kwako Rauma, maana sanduku langu linakutumia nakala kila wiki.

Na sauti yenyewe sasa imeanza kwenda. Jana alimwita jirani ng'ambo ya ua kama alivyokuwa akinadi mnadani, ikakatika katikati, akageuka akajifanya anakagua maua. Mtu aliyeuza matrekta na ng'ombe wa wilaya nzima bila kipaza sauti!

Ninunue diski gani? Duka la mjini wanasema zote ni sawa.

Dada yako,
Raakel


Rauma, 14 Juni

Dada Raakel,

La kwanza: usilizime. Likilia, lifunike na mto, lakini usilizime. Hiyo diski iliyobaki imezunguka miaka yote bila kupumzika. Diski kongwe ya namna hiyo ikiachwa izunguke itazunguka, lakini ukiizima ikapoa, huenda isiamke tena.

La pili: hao wa dukani wasikudanganye. Diski hazifanani. Kuna za kompyuta za mezani, za kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Hizo tuachane nazo. Kuna zilizotengenezwa kwa masanduku kama lako, zinavumilia kuzunguka mchana na usiku na kutikiswa na nyingine iliyo pembeni. Hizo ndizo tunazotaka. Halafu kuna balaa moja: ukubwa uleule, umbo lilelile, bei ya chini kidogo, lakini ndani mistari ya maandishi imelaliana kama vigae vya paa. Kusoma hazina tatizo. Kuandika kidogo kidogo pia hazina tatizo. Lakini kujaza diski nzima kwa mkupuo, ndiyo kazi unayotaka kuipa, zinakwama, maana kila zinapotaka kuandika mstari mmoja lazima ziandike upya na ule uliolaliwa. Kazi ya kutwa moja inakuwa ya wiki, na wiki hiyo yote ile kongwe inakamuliwa bila huruma. Kwenye kasha hawakuandikii hilo. Lazima uangalie namba ya aina.

Nimekuandikia namba ninazoziamini hapo chini. Agiza moja kati ya hizo, usibadilishe hata herufi. Na iwe ya kiwanda kingine, maana diski zilizotoka pamoja kiwandani zinaweza kufa pamoja.

Habari ya nakala ya huku isikusumbue, wewe shughulika na diski. Katri anawasalimu wote.

Eljas


Iisalmi, 17 Juni

Eljas bwana,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ulipotaka kuoa hukutuandikia hata nusu yake.

Nimekwisha nunua. Ni moja ya hizo ulizotaja, kwa hiyo usianze. Nimeichomeka kama ulivyoelekeza, taa ikawa ya rangi ya machungwa, sanduku limeacha kulia na linanakili kutoka kwa kongwe kwenda kwa mpya. Linatoa mlio mdogo wa kukwaruza, kama panya kwenye dari. Ni kawaida? Niambie ni kawaida.

Baba alishuka kuuliza ni nini kilikuwa kinalia. Nikamwambia printa. Akasema, "Printa inayolia hivyo iuze kabla mnunuzi hajaisikia." Nikacheka, kisha nikaingia bafuni nikafungulia maji. Sikuwa nanawa chochote.

Nakushukuru kwa ile nakala. Kama isingekuwa kwako, mwaka huu ningeshapata wazimu.

Raakel


Rauma, 18 Juni

Katri,

Najua tulikubaliana tuandikiane habari za kuuza nyumba tu. Nivumilie kwa hili moja. Lile sanduku jeusi dogo la kupokea nakala za Raakel, lililokuwa juu ya kabati la viatu, bado limechomekwa umeme? Nimefungua maboksi yote hapa chumba nilichopanga, silioni. Nijibu hata kama umekasirika.

Eljas


Rauma, 18 Juni

Eljas,

Sanduku liko stoo, chini kabisa, limeviringishwa kwenye taulo la bluu. Uliliweka mwenyewe ulipohama Februari ukasema utalirudia wikendi. Halijaonja umeme tangu siku hiyo. Baba yako alianza kusoma Machi, siyo?

Mama yako aliniandikia kunisimulia anavyosoma, akaniita binti yangu. Nikamjibu kana kwamba bado naishi na wewe. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mzee, lakini sifanyi tena.

Mwambie Raakel leo. Akijua leo, atamketisha mzee asome upya wakati bado anaweza. Usipomwambia, sauti inayopotea siyo yako, ni ya baba yako. Na ukishasema hilo, sema na la kwetu. Sisi siyo watu wa kwanza duniani kuachana.

Katri


Rauma, 20 Juni

Dada,

Limemaliza? Kwa diski niliyokutajia lilitakiwa liwe limemaliza juzi. Linasema limefika wapi? Nipigie picha ya ile karatasi ya namba iliyobandikwa mgongoni mwa diski, nataka kuiona kwa macho yangu.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuambia. Lakini likimaliza kunakili, jambo lenyewe halitakuwa na uzito mkubwa, kwa hiyo acha kwanza limalize. Likimaliza tu niambie, hata kama niko zamu bandarini.

Eljas


Iisalmi, 22 Juni

Eljas,

Linaendelea. Picha haiwezekani, diski iko ndani na wewe ndiye uliyekataza kugusa.

Leo natangulia ziwani kupasha sauna na kufagia uchafu wa panya. Mama atamleta Baba kesho, tule sikukuu ya kiangazi ya Juhannus na viazi vipya na samaki wa moshi kama binadamu wengine. Juu ya sanduku nimebandika karatasi kubwa, herufi za wino mweusi: LISIZIMWE. Hata Baba bila miwani ataiona.

Jambo gani hilo? Kama Katri ana mimba sema tu, Mama ameshaanza kufuma soksi za ukubwa unaotia mashaka.

Raakel


Iisalmi, 27 Juni

Kwa karakana ya kufufua diski, Helsinki

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuuliza kama mnaweza kuokoa diski niliyowatumia leo kwa posta.

Ilikuwa kwenye sanduku langu la ofisi, ikinakiliwa kwenda kwenye diski mpya baada ya mwenzake kufa. Ile mpya sikuinunua vizuri. Niliyoelekezwa na mdogo wangu ingefika baada ya Juhannus, nami nilishindwa kungoja nikilitazama sanduku hilo na diski moja, nikachukua iliyokuwa dukani. Ukubwa ulikuwa uleule, namba sikuiangalia. Sasa nimeiangalia. Ni ya ile aina ya mistari iliyolaliana, na ndiyo maana siku ya mkesha wa sikukuu ilikuwa bado inanakili.

Siku hiyo baba yangu alizima umeme. Sanduku hakuligusa, wala ofisini hakuingia. Alizima swichi kuu ya ghorofa ya chini, iliyoko ukutani kwenye korido, kama anavyofanya kila mwaka kabla ya kwenda ziwani tangu radi ilipounguza televisheni ya jirani. Alifika ziwani akitamba: "Huko nyumbani radi ipige itakavyo, nimezima chini kote." Mimi nilikuwa na sahani za samaki mkononi. Niliziweka mezani, nikamwambia, "Vizuri, Baba."

Nilirudi nyumbani kesho yake nikisingizia nimesahau dawa. Nikawasha. Diski kongwe ilitoa mlio mmoja mdogo, ikanyamaza. Haizunguki. Hiyo mpya nayo imejaa nusu, kompyuta haisomi kitu.

Iliyomo ni sauti ya baba, ambaye atafanyiwa upasuaji Agosti na hataongea tena. Yeye sijamwambia, kwa kuwa ni mkono wake uliozima, na sitaki aingie kwenye kisu akiwa na jambo hilo moyoni. Mdogo wangu sijamwambia kwa sababu atanigombeza kwa ajili ya diski, na akinigombeza mama atajua, na mama akijua baba amejua. Mdogo wangu ana nakala, namshukuru Mungu, kwa hiyo hatujapotea. Lakini nitatulia nikiwa na zote mbili. Naomba mnijibu upesi.

Raakel Hyttinen, mchoraji wa nyumba


Helsinki, 27 Juni

Asante kwa barua yako. Karakana imefungwa kwa likizo ya kiangazi hadi tarehe 31 Julai. Kama diski yako haizunguki, usijaribu kuiwasha tena. Tunakutakia kiangazi chema chenye jua.

Hili ni jibu linalotumwa na mashine.


Rauma, 29 Juni

Dada, kimya tangu Juhannus. Limemaliza au halijamaliza? Neno moja linatosha.

Eljas


Iisalmi, 30 Juni

Limemaliza. Sasa na wewe pumzika.

Raakel


Rauma, 30 Juni

Ah, Dada! Nimesoma neno lako nimesimama chini ya winchi, nikakaa palepale chini, mwenzangu akadhani nimeanguka kwa joto. Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa nimebeba kitu kizito, nawe umenitua.

Lile jambo jingine halina haraka tena. Nitawaambia nikija Agosti.

Eljas


Iisalmi, 15 Julai

Eljas,

Hospitali walipiga simu jana jioni. Kuna mgonjwa ameahirisha, wamempa Baba nafasi yake, upasuaji ni Alhamisi hii inayokuja. Daktari anasema isikataliwe, uvimbe unakua. Mama ameshapanga begi la Baba mara tatu na kulipangua. Baba anasema heri, yaishe.

Nimewatafuta watu wa sauti mpaka nikampata dada mmoja aliyebaki zamu. Atatufungulia mlango kama akipata sauti zote kabla ya Jumatano. Kwa hiyo leo hii nitumie nakala yako, yote, usichague chochote.

Raakel


Rauma, 15 Julai

Dada, nimeshtuka. Pole yako na ya Mama.

Lakini kwa nini nitume ya kwangu? Mtandao wa huku ni wa kuburuta. Ya kwako iko hapohapo ofisini, diski mpya, imejaa. Mpelekee huyo dada kutoka hapo, itafika upesi zaidi.

Eljas


Iisalmi, 15 Julai

Ya kwangu haipo. Nilikudanganya. Nilinunua diski niliyoikuta dukani, ya mistari iliyolaliana, ikachelewa, na mkesha wa Juhannus Baba akazima swichi kuu kwa ajili ya radi. Ile kongwe haikuamka. Iko Helsinki kwenye karakana iliyofungwa likizo. Nilinyamaza kwa sababu nilijua wewe unayo.

Nigombeze baadaye utakavyo. Sasa tuma.

R.


Rauma, 15 Julai

Raakel,

Sina.

Sina chochote. Mimi na Katri tuliachana Februari, nikahama, sanduku likabaki stoo limeviringishwa kwenye taulo. Baba alikuwa hajaanza hata kusoma. Nilipojua, wewe ulikuwa umeshaanza kunakili, nikajiambia acha limalize. Ukasema limemaliza, nami nikakuamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Natoka sasa hivi na gari. Nimenunua kipaza sauti na diski mpya kutoka maduka mawili tofauti. Usimwambie Baba kabla sijafika. Hapana, mwambie. Kila saa anayoongea na jirani habari za viazi ni saa ambayo angekuwa anasoma. Mwambie sasa.

Eljas


Iisalmi, 18 Julai

Mpendwa Katri,

Umeniuliza yamekwendaje, na wewe una haki ya kujua. Eljas amelala juu kwenye chumba chake cha utotoni, miguu imetokeza nje ya kitanda. Nakuandikia nikiwa na kahawa na maandazi ya iliki ambayo Mama anayaoka mfululizo tangu Jumamosi, maana asipooka analia.

Sikumwambia Baba kabla Eljas hajafika. Nilijaribu. Nilipanda ngazi, nikamkuta anapiga rangi viatu vyake vya kwendea hospitali, nikashuka. Kwa hiyo Jumapili tuliketi naye wote kibarazani, nikasema kila kitu, diski niliyonunua, Helsinki, neno "limemaliza". Sehemu ya swichi niliipitia haraka, nikasema tu umeme ulikatika.

Sauti yake sasa ni ya mkwaruzo, inatoka vipande vipande. Akauliza, "Umeme ulikatika lini?"

"Mkesha wa Juhannus."

"Haukukatika. Niliuzima."

Mama akasema, "Tuliuzima. Mimi ndiye niliyekumulikia tochi."

Baba akamtazama Mama, kisha akamtazama Eljas. "Na wewe umekuja peke yako. Katri yuko wapi?"

Basi Eljas akasema, na la barua yako ya Juni pia. Alisema akiangalia mbao za sakafu, mdogo wangu mwenye mwili mkubwa kama mlango. Mama akashika aproni yake kwa mikono miwili. Samahani, Katri, najua haikupasa ijulikane hivyo.

Baba akagonga meza kama anavyogonga mnadani. "Kuna kingine? Kuna kingine mlichonificha? Kitoeni sasa hivi, ningali na sauti ya kuwafokea!"

Na akatufokea kweli. Ilikuwa ni mkwaruzo na kikohozi, nusu ya maneno hayakutoka, lakini sijawahi kugombezwa namna ile tangu nilipozamisha mtumbwi wake. Alisema: "Angalau tarehe ishirini na saba, diski ilipokwenda Helsinki, mngeniambia. Nilikuwa bado na sauti ya kumwita mbwa. Nimeitumia yote kuzungumza na Reijo wa jirani habari ya mashine ya kukata nyasi!" Mama akamwambia aache, atajiumiza. Akasema, "Nijiumize nini, inakwenda jalalani Alhamisi!" Eljas akalia waziwazi, nami nikalia, na Baba akaingia ndani akafunga mlango.

Kutwa nzima hakutoka, hakusema. Tulikaa na kipaza sauti mezani, tukisikiliza kama anatembea. Nilikuwa nafikiri, anaimaliza siku kwa kutunyamazia, na sisi hatuna hata siku ya kunyamaziwa. Eljas alizifunga zile diski mpya, akazikagua, akazifungua, akazifunga tena. Mikono yake ilitaka kazi.

Jana asubuhi Baba alishuka akiwa amenyoa ndevu na kuvaa tai ya mnadani. Akakaa kwenye kiti changu. Eljas akawasha. Baba akasoma sentensi ya kwanza, kitu kuhusu basi kuchelewa, akaomba aisikie. Tukampigia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni mgonjwa fulani."

Ilikuwa kweli, na sisi ndio tuliomfanya awe na huyo tu. Eljas akasema, "Baba, ndiye tuliyenaye." Baba akavuta karatasi karibu, akasema washa. Alisoma mpaka chakula cha mchana, akasoma tena mpaka jioni, na leo vilevile, Mama akimpa maji kwa kijiko. Ameshindwa kumaliza hata nusu ya zile za mwanzo. Yule dada wa zamu amesema zitatosha kwa kubanabana.

Diski ziko tatu. Moja hapa, moja Eljas anaondoka nayo, na ya tatu Baba amesema apewe Katri kama atakubali, maana katika familia hii ni wewe peke yako uliyesema ukweli kwa wakati. Utakubali?

Raakel


Rauma, 19 Julai

Nitakubali. Mwambieni mzee nitaiweka kabatini na nitaijaribu kila mwezi. Nami nitamwandikia Mama mwenyewe.

Katri


Iisalmi, 19 Agosti

Wanangu Raakel na Eljas,

Raakel, najua uko chini yangu na ungeweza kupanda ngazi. Lakini nataka hili mlisome wote wawili sawasawa, kwa hiyo nimeandika.

Kidonda kimefunga vizuri, nameza uji na viazi vya kupondwa, napumulia shingoni kama samaki. Karakana ya Helsinki wamejibu kwamba sahani za ndani ya diski zimekwaruzika, hakuna cha kuokoa. Raakel alinionyesha barua siku ileile ilipofika, kabla hajaisoma vizuri mwenyewe. Kwa hilo nakushukuru, binti yangu.

Kifaa changu kimefika juzi. Naandika kwenye kioo, chenyewe kinaongea. Jana Mama yenu alikuwa juu anapanga shuka, mimi chini nimemaliza kahawa, nikaona nimjaribu. Nikaandika: Saimi, njoo. Nikabonyeza. Ikatoka ile sauti, ya mkwaruzo, ya Julai. Nilimsikia anaangusha shuka, akashuka ngazi mbio, mtu wa miaka yake, nusura aanguke, kwa kuwa alidhani nakata roho. Alinikuta nimekaa na kikombe mkononi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanikagua, kisha akanitukana kwa maneno ambayo sikujua anayajua.

Anasema atazoea. Labda. Miaka yote nimemwita kwa sauti ile nyingine, na sasa kila nikimwita ataisikia hii.

Siandiki ili muumie. Mmekwisha kuumia, nami mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Naandika kwa sababu nataka kujua jambo moja, na Mama yenu hawezi kuniambia, ana huruma mno. Wiki hii niliwapigia simu nyote wawili kwa kifaa. Nilipowasemesha, mlinisikia mimi, au mlisikia ugonjwa? Msinijibu kwa upole. Mkinijibu kwa upole tena, nitajua, na nitabaki peke yangu na hii mashine.

Baba yenu,
Paavali Hyttinen


Rauma, 19 Agosti

Baba,

Raakel atakuandikia yake. Hii ni yangu.

Nilisikia ugonjwa. Uliposema "Eljas, ni mimi", nilikata simu, nikaenda kusimama nyuma ya makontena mpaka msimamizi akaja kunitafuta. Ulipopiga tena nikakuambia ni mtandao wa bandarini. Haukuwa mtandao. Ni mimi niliyekata.

Mara ya pili, ulipouliza kama Katri amepata diski yake na ukasema asiiuze kwa bei ya chini, hapo ndipo nilipokusikia wewe. Kabla ya hapo, hapana.

Leo natoka kazini saa kumi. Nipigie. Nitaogopa, lakini sitakata.

Eljas